Homa Inayoondoka na Kurudi



Ipo homa inayomdanganya mgonjwa na wanaomuuguza. Humshika mtu ghafla, ikamtetemesha na kumuumiza kichwa na viungo. Siku chache baadaye hukatika, naye akasimama akimshukuru Mola kwa afya. Baada ya wiki moja hivi hurudi, na huenda ikarudi tena na tena. Hiyo ndiyo homa ya papasi.

Papasi si yule kupe tumwonaye kwenye masikio ya ng'ombe, ambaye hung'ang'ania mwilini kwa siku kadhaa. Papasi hujificha mchana katika nyufa za kuta za udongo na vumbi la sakafu. Usiku hutoka, akanyonya damu kwa muda mfupi, kisha akarejea maficho; aliyeumwa huamka asimwone adui yake. Tena anaweza kukaa miaka bila kula, hivyo nyumba haiwi salama kwa kuwa tu ilihamwa.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1904 Ross na Milne waliueleza ugonjwa huu katika nchi jirani ya Uganda. Mwaka 1905 Robert Koch aliuchunguza katika nchi yetu, enzi za Wajerumani, akabaini kwamba papasi jike huvirithisha vijidudu vya homa kwa mayai yake. Mwaka huohuo Dutton, aliyekuwa akiuchunguza huko Kongo, alifariki kwa homa hiyohiyo.

Sisi wa Bukoba na Muleba tuna sababu ya kuzitazama kuta zetu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua nyumba nyingi. Palipobaki ufa, pazibwe; sakafu ya udongo ikandikwe vizuri au iwekwe saruji kwa mwenye uwezo. Kitanda kisigusane na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Wageni wa matanga na watoto wa madrasa wanaolala chini ndio wa kuangaliwa kwanza: tusiwatandikie mikeka kando ya ukuta wenye nyufa. Wala papasi asipondwe kwa vidole.

Mgonjwa akipimwa asikutwe na malaria, au akimaliza dawa homa ikarudi, tusimnunulie tena dawa zilezile dukani. Kipimo cha haraka cha malaria hakioni vijidudu vya papasi. Hutafutwa kwa hadubini, na huonekana vyema zaidi homa ikiwa juu. Basi apelekwe wakati huo, na mganga aelezwe alikolala. Dawa ipo, lakini huanzwa chini ya uangalizi, kwani dozi ya kwanza yaweza kuleta mtetemeko mkali.

Mama mjamzito asicheleweshwe hata siku moja, kwa kuwa homa hii huharibu mimba na huua watoto wachanga. Roho hizo mbili ni amana mikononi mwetu.