MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: PAPA NA WATU WAOGAO BAHARINI

Mwalimu mmoja wa Temeke ametuuliza kama yafaa kuwakataza watoto kuingia baharini kwa ajili ya papa. Asema wazazi kadhaa wamekwisha kuwakataza, hata hawataki wafundishwe kuogelea. Swali hili lagusa uhai wa watoto. Basi na tulijibu.

Aina za papa ni zaidi ya 500, na walio wengi hawana habari na mtu. Potwe, aliye mkubwa kuliko samaki wote, huonekana Mafia karibu na Kilindoni, na watu huogelea kando yake, kwani chakula chake ni dagaa na vidudu vidogo vya baharini. Wa kuogopwa hasa ni watatu: papa mweupe, papa mwenye milia, na yule apendaye maji ya tope penye midomo ya mito, ambaye hata mto Zambezi huupanda.

Hatusemi kwamba papa hawaui. Kisiwani Réunion, katika bahari yetu hii ya Hindi, waliua watu 11 tangu 2011 hata 2019, na Durban nyavu za kuwakinga waogao ziliwekwa tangu 1952. Lakini Chuo Kikuu cha Florida, kiwekacho hesabu ya dunia nzima, kilipata kwamba mwaka 2024 walioumwa na papa bila kuwachokoza ni 47, na waliokufa kwa hayo ni 4. Sisi twala papa wengi kuliko hao kwa wiki moja, tena kwa nazi! Nao waliokufa maji duniani mwaka 2021 walikadiriwa kuwa 300,000, karibu robo yao watoto wasiotimiza miaka 5. Ziwa Victoria halina papa hata mmoja. Walakini Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara, walikufa watu zaidi ya 220.

Twaona, basi, kwamba wazazi hao wamekosea adui. Pwani za Msasani na Kunduchi maji yakipwa mtoto huenda mbali kwa miguu, akitafuta pweza na kaa miambani. Siku za bamvua maji hupanda zaidi ya meta 3, nayo hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yake. Ageukapo, njia aliyoijia imekuwa kilindi, naye hajui kuogelea.

Na afundishwe. Akichukuliwa na mkondo asishindane nao, bali aogelee akiufuata ufuo mpaka autoke, au aelee chali na kuita. Asioge magharibi, wala wavuvi wapasuapo samaki, wala mlangoni mwa Msimbazi baada ya mvua. Maji yale yana uchafu wa kutosha kumkataza mtu, papa awepo asiwepo. Akitembea mchangani aburute miguu, ili taa aliyejifukia akimbie. Akichomwa na mwiba wake, mguu utiwe katika maji ya moto kadiri awezavyo kuvumilia, kisha apelekwe hospitali.

Mwalimu twamshauri achague siku za maji mafu, asubuhi jua likiwa limekwisha kupanda, na mtu mzima ajuaye kuogelea asimame upande wa kilindini, watoto wakihesabiwa waingiapo na watokapo.