Bolti Iliyoganda Hulipwa na Nani?

Ndugu wanachama,

Wapo wenzetu katika uongozi wanaosema kwamba chama cha wafanyakazi kina mambo makubwa ya kushughulikia, yaani mikataba, bima na ushuru wa steji, na kwamba habari ya grisi waachiwe mafundi. Mimi sikubaliani nao. Elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, lakini miaka mingi nimekaa na waendesha pikipiki wa hapa Kasese, na nimeona kwamba kopo la grisi lisiponunuliwa, gharama yake humwangukia yule asiye na kitu.

Nitatoa mfano mmoja. Kijana wa steji yetu alipata pancha gurudumu la nyuma. Pancha ni kazi ya nusu saa. Lakini ekseli ilikuwa imeganda ndani ya beringi kwa kutu, haikutoka. Fundi akaipiga nyundo mpaka kichwa chake kikafura kama uyoga, kisha akaikata kwa msumeno. Siku mbili zikapotea, na beringi zikaharibika. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na mwenye mkopo alitaka malipo yake ya kila siku kama kawaida. Siku ya nne akaja kuichukua. Kijana alikuwa amebakiza miezi mitano tu iwe mali yake.

Nilikwenda kumgombeza fundi. Akanionyesha kopo lake: oili chafu iliyomwagwa kutoka injini. Akaniambia, "Mzee, mimi nalipwa kwa pancha. Grisi ananilipa nani?" Nikakosa jibu, na ndiyo sababu naandika leo.

Ndugu zangu, tufahamu kwanza kutu hutoka wapi. Mvua na matope huingia katika meno ya bolti na kukaa humo. Tena gurudumu, injini na kichwa cha silinda ni alumini, na bolti ni chuma. Metali hizi mbili zikikutana penye maji, alumini huliwa polepole na kutoa unga mweupe, na unga huo ndio unaoishika bolti kama saruji. Penye chumvi uharibifu huenda mbio zaidi. Sisi wa Kasese tuna Ziwa Katwe, na anayepakia magunia ya chumvi yanayovuja anaioga chumvi hiyo yeye na pikipiki yake. Basi sisi kuliko wengine hatuna budi kuchagua grisi kwa akili.

Oili chafu si dawa. Imebeba masizi na tindikali, tena ni nyepesi, mvua moja huiosha. Anayeipaka anajidanganya.

Kwa ekseli, bolti ndefu ya uma wa nyuma, bushi na bolti za kawaida, nunua grisi ya namba 2. Utaiona imeandikwa juu ya kopo NLGI 2 au EP 2. Nyingi sokoni ni za lithiamu, na hizo zinafaa. Lakini kwa anayepita kwenye maji na chumvi, grisi ya kalisi, ile inayouzwa kwa boti, hustahimili maji zaidi. Usichanganye grisi mbili usizozijua, maana nyingine zikikutana hulainika na kutiririka. Futa ya zamani kwanza, sugua kutu kwa brashi ya waya, kisha paka utando mwembamba ulioenea.

Kwa bolti za ekzosi, grisi ya kawaida ni hasara. Ile ya lithiamu ya kawaida huanza kuyeyuka joto likifika kama digrii 180 hivi, na ekzosi hupita hapo kwa mbali. Hapo hutakiwa grisi yenye unga wa metali. Inayojulikana sana ni ya shaba. Baba yangu alifanya kazi katika mgodi wa Kilembe, na reli yenyewe ililetwa hapa Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ile, kwa hiyo shaba siwezi kuidharau. Lakini shaba ikikaa kati ya chuma na alumini mahali pa maji ya chumvi, inaweza kuzidisha kuliwa kwa alumini. Kwa wabeba chumvi grisi ya nikeli ni bora, ingawa bei yake iko juu.

Yapo mahali ambapo grisi ni hatari. Isiguse kabisa diski, padi wala viatu vya breki, kwa sababu breki iliyopakwa grisi haishiki, na abiria wako nyuma. Kekee ya breki ya nyuma hupakwa kidogo sana. Pini za breki ya diski zina mpira, na grisi ya kawaida huuvimbisha mpira huo, basi tumia ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Pia kumbuka kwamba bolti iliyopakwa huteleza, hivyo nguvu ileile ya spana huivuta zaidi. Ikiwa kipimo cha kitabu ni cha bolti kavu, punguza kama robo, usije ukaikata.

Na iliyokwisha kuganda isipigwe kwa hasira. Mwagia mafuta ya kupenya, iache usiku kucha, igonge taratibu. Ikikataa, pasha moto alumini iliyoizunguka, mbali na tangi la petroli, kwa kuwa alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Na mtu avae miwani. Kipande cha chuma kikirukia jicho, hakuna steji itakayolirudisha.

Sasa narudi kwa swali la yule fundi. Kopo moja la nusu kilo latosha pikipiki nyingi kwa muda mrefu, kwa kuwa kila bolti hutaka kidogo tu. Mtu mmoja huliona ghali, lakini steji ya watu ishirini hailioni. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila steji inunue kopo la grisi ya namba 2 na kidude kidogo cha grisi ya ekzosi kutoka katika mchango wake, na vikae kwa mtunza fedha pamoja na brashi ya waya.

Pili, fundi aandike bei ya kupaka grisi waziwazi kila anapofungua gurudumu, na sisi tuilipe bila kunung'unika. Fundi naye ni mfanyakazi. Tukimtaka afanye kazi nzuri bure, tunamfanyia yaleyale tunayoyalalamikia kwa mwenye mkopo.

Tatu, chama kidai katika mikataba ya mikopo siku moja ya matengenezo kila mwezi isiyo na malipo. Mwenye mkopo anapokea fedha kwa pikipiki inayotembea, kwa hiyo naye ana faida ikitunzwa. Hili la tatu ndilo gumu, na mtu mmoja mmoja hataliweza. Ni kazi ya chama.

Yule kijana sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine kwa hesabu ya jioni. Nikikutana naye hanilaumu, lakini mimi najua tulikuwa naye kila siku pale steji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia afungue ekseli na kuipaka. Mkutano wa tawi ujao nitaleta hoja hizi tatu. Nawaomba mje, na mafundi waje pia.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa tawi, Kasese