Mti wa Maua Mekundu na Haki ya Jirani



Kila ifikapo miezi ya Novemba na Desemba, mtu atokaye Mbagala kwenda Chamazi huiona miti iliyovaa wekundu mtupu, kana kwamba moto umewashwa juu ya mabati ya nyumba. Huo ndio mkrismasi. Jina hilo lisimtie Mwislamu wasiwasi, kwani limetokana na majira ya kuchanua kwake tu; mti huu huu kule India huchanua baina ya Aprili na Juni, na huko huitwa gulmohar. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na wataalamu wa mimea waliuandika vitabuni mwaka 1829. Ni wa jamii moja na mkwaju na kunde.

Kabla hatujaeleza namna ya kuupanda, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe. Tulipohamia Chamazi tuliupanda mche hatua tatu tu kutoka ukuta wa jirani yetu, bibi mtu mzima. Mti ukanawiri, watoto wakafurahi, nasi tukajisifu. Katika mwaka wa sita, siku moja tulipokwenda kumjulia hali, ndipo tulipouona ukuta wake kwa upande wa ndani: umepasuka toka chini hadi juu. Tukamwuliza, “Bibi, mbona hukutuambia?” Akajibu, “Wanangu, niliwaona watoto mnavyowalea chini ya kivuli kile, nikaona haya kusema.”

Maneno hayo yalituchoma kuliko lawama. Tuliukata mti ule kabla haujatoa ua hata moja, tukaujenga upya ukuta wake. Watoto walilia; nasi tukawaeleza kuwa uzuri unaomdhuru jirani si uzuri.

Basi jambo la kwanza ni mahali. Mizizi ya mkrismasi haizami sana chini, bali hutambaa mbali karibu na uso wa ardhi, na matawi yake hutanda kama mwavuli, upana wake ukaweza kuupita urefu wa mti. Uwe mbali na nyumba, ukuta, shimo la choo na bomba la maji kwa muda usiopungua mita 10. Ambaye kiwanja chake hakina nafasi hiyo, na aupande kwa idhini kwenye uwanja wa msikiti au wa madrasa, na nyumbani kwake apande mkomamanga, mti mdogo wenye maua mekundu na tunda lililotajwa katika Qurani.

Jambo la pili ni mbegu. Ganda lake ni gumu. Zimwagieni maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, mziache usiku kucha, kisha mzipande katika viriba. Mche ukifika kimo cha sentimita 30 hivi, ngojeni masika ya mwezi wa Machi. Chimbeni shimo la sentimita 60, mchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Mchanga wa kwetu haushiki maji, kwa hiyo tandazeni nyasi kavu kulizunguka shina bila ya kuligusa. Katika kiangazi cha kwanza mmwagilie mara mbili au tatu kwa wiki. Maji yaliyooshea mboga yatosha. Tena muuzungushie ua, maana mbuzi hana subira.

Jambo la tatu ni kupogoa. Matawi yake ni mepesi kuvunjika kwa upepo. Yaondoeni ya chini mti ungali mdogo, ili shina lisimame moja na watu wapite chini yake kwa usalama. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani. Msidhani umekufa mkaukata. Maua huweza kukawia miaka mitano au zaidi.

Mche wetu wa pili sasa umo kwenye uwanja wa madrasa, mbali na kila ukuta. Vijana hupokezana zamu ya kuumwagilia, na yule bibi huja kuutazama. Enyi vijana, kupanda mti ni sadaka. Lakini kabla ya kushika jembe, kwanza bisheni hodi kwa jirani.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.