Kabla ya Kununua Betri Mpya, Chomoa Waya Mmoja Usiku

Kwa kawaida tunazungumza mbegu, mbolea na chanjo ya mifugo. Leo tuzungumze betri ya gari, kwa sababu mahindi yakishafungwa kwenye magunia, faida yako inategemea kama gari litawaka asubuhi. Likigoma alfajiri hapa Machochwe, utafika Mugumu wanunuzi wameshajaza mizigo yao, nawe utapokea bei ya mabaki. Na gari hilohilo ndilo tunalobebea mgonjwa au mama mjamzito usiku.

Msimamo wangu ni huu: usinunue betri mpya kabla hujajua ya zamani ilimalizwa na nini. Kuku wakiliwa na kicheche, huendi kununua kuku wengine kabla ya kuziba banda. Kama kuna kitu kinanyonya umeme usiku, betri mpya nayo itanyonywa vilevile.

Jaribio la bure

Chaji betri mpaka ijae. Jioni zima gari, toa ufunguo, kisha chukua spana (magari mengi ya Kijapani ni namba 10) uchomoe waya wa hasi, wenye alama ya kutoa. Uweke pembeni usiguse betri. Kama redio au king'ora cha gari kina namba ya siri, hakikisha unayo kwanza. Asubuhi rudisha waya, washa.

Likiwaka vizuri, betri yako ni nzima na huenda gari ndilo linalonyonya. Likigoma wakati uliichaji ikajaa, huenda betri yenyewe imechoka. Usiku mmoja tu, na tayari umejua fedha yako iende wapi.

Ukiwa na mita

Pima betri asubuhi kabla ya kuwasha. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha. Kisha washa injini upime tena: inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, oltaneta haichaji au mkanda umelegea. Hapo ukiuziwa betri umeuziwa kitu kisichohitajika.

Kumtafuta mnyonyaji

Fanya hesabu kwanza. Taa ya ndani ya wati 5 hutumia karibu ampea 0.4. Kwa saa 12 ni kama ampea-saa 5. Betri nzima ya ampea-saa 45 haiwezi kumalizwa na taa hiyo kwa usiku mmoja. Lakini taa kubwa mbili za wati 55 hula ampea 9, na ndani ya saa 5 betri imekwisha. Kwa hiyo betri ikilala ndani ya usiku mmoja, ama kuna kitu kikubwa kinanyonya, ama betri yenyewe imeshazeeka.

Anza na vitu vilivyoongezwa baada ya gari kununuliwa: redio na spika kubwa zilizoungwa moja kwa moja kwenye betri, king'ora, kifaa cha kufuatilia gari, chaja ya simu. Kisha tazama taa ya buti.

Usipoona kitu, weka mita kwenye ampea 10, uiunganishe kati ya kichwa cha hasi cha betri na waya uliouchomoa. Funga milango, usiwashe gari wala swichi yoyote, subiri dakika 30. Ikizidi ampea 0.05, kuna kitu kinanyonya. Chomoa fyuzi moja moja. Ile itakayoshusha namba ndiyo yenye mnyonyaji. Zikitoka zote na namba haijashuka, huenda dayodi za oltaneta zimeharibika. Mpelekee fundi umeme ukiwa na taarifa hiyo mkononi.

"Mbona tunachomoa kila usiku na maisha yanaendelea?"

Najua wapo wanaosema hivyo, na wengine wanasukuma gari kila asubuhi. Kuchomoa ni njia ya kupima, ugonjwa bado upo palepale. Kama chanzo ni waya uliochubuka unaogusa bodi, siku moja utawaka moto na mzigo ukiwa juu. Nako kusukuma kunasaidia gari la gia za mkono tu, na betri inayoachwa tupu mara kwa mara hufanya ukoko mgumu kwenye sahani zake, haijai tena kama zamani. Vivyo hivyo kwa anayeitoa betri ya gari jioni kuwashia taa za duka. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi. Kazi ya taa ina betri zake za sola.

Ninavyoona mimi, kila kikundi chenye wanachama wenye magari, matrekta au pikipiki kinunue mita moja ya pamoja. Bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya betri. Na fundi akikuambia betri imekufa, mwombe kwa heshima apime mbele yako. Fundi mzuri hatachukia.

Mwisho ni usalama. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, hivyo weka mbali sigara na kibatari. Inayofunguka iongezwe maji ya betri tu, usiongeze asidi. Betri mbovu usiipasue nyumbani, kwani risasi iliyomo ni sumu kwa watoto, mifugo na udongo. Iuze ikiwa nzima.

Kama gari lako limekuwa likigoma asubuhi, chukua spana jioni ya leo kabla hujachukua fedha. Kazi njema.