Wazee Wetu na Gharama ya Kuota Moto

Bwana Mhariri amenipa nafasi kidogo katika gazeti letu, nami nataka kuitumia kusema juu ya kuni. Najua wenzangu wa Kidato cha Nne watacheka, maana walitazamia niandike juu ya mpira.

Likizo ya Juni mwaka huu tulipewa wiki moja tu, kisha tukarudi hapa Mbeya kwa masomo ya ziada. Wiki hiyo nilikwenda Mufindi kwa bibi yangu, nikampasulia kuni. Miaka mingine nilimwachia rundo la kumfikisha Agosti. Safari hii nilimwachia la wiki tatu. Zikiisha itambidi anunue, na fedha hana.

Msomaji wa Dar es Salaam pengine hatasadiki kwamba katika Tanzania mtu aweza kuteswa na baridi. Na aje Mufindi Julai, alfajiri. Huko sakitu, yaani umande ugandao ukawa mweupe juu ya majani, hubabua hata chai mashambani. Hapa Mbeya nako joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10. Sisi vijana huvaa sweta tukakimbia mchakamchaka, baridi ikatutoka. Mzee hawezi kukimbia. Dawa yake ni mafiga matatu na moto usiozimika.

Uingereza, tangu 1997, wazee hupewa fedha za kusaidia kulipia joto la nyumba wakati wa baridi. Mwaka 2024 Serikali yao ilizuia fedha hizo isipokuwa kwa wenye kipato kidogo sana. Watu wakanung'unika mno, na 2025 ikawarudishia wengi wao. Sisemi tuwaige kwa kila jambo. Nasema tu kwamba wao wamekubali kuwa joto ni gharama ya mzee, kama chakula na dawa. Kwetu gharama hiyo ipo vile vile, ila hulipwa kwa mgongo wa mjukuu, na mjukuu sasa yuko bwenini.

Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, uliozinduliwa 2012, umewafaa wazee wengi wala siubezi. Lakini baridi haimo katika hesabu yake. Kyela na Umalila zote ni za mkoa wa Mbeya. Mzee wa Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, hutafuta upepo. Wa Umalila hutafuta blanketi la pili. Nao huhesabiwa sawa.

Bibi yangu hakuandikishwa kabisa, eti kwa sababu nyumba yake ina bati. Bati! Kila aliyelala chini ya bati mwezi wa Julai ajua kwamba nyasi zina joto zaidi. Pensheni nayo hana, maana mkulima hastaafu. Zanzibar, tangu 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya kila mwezi. Ilianza kwa shilingi 20,000, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Hakuna anayemwuliza habari za bati. Na huko sakitu hawaijui!

Rafiki yangu mmoja, ambaye hushinda katika kila mdahalo, aliniambia kwamba dawa ni gesi, kwani mitungi sasa huuzwa kwa bei ya ruzuku. Ni kweli gesi huivisha maharagwe bila moshi, na misitu hupona. Lakini maharagwe yakiiva gesi huzimwa, na mzee hubaki na ubaridi wake. Figa lilikuwa jiko na pia joto la nyumba. Ndiyo maana wengine huingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga dirisha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Basi nini kifanyike? Mufindi tunao msitu wa Serikali wa Sao Hill, mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa nchini. Viwanda vya mbao hubakiwa na mabanzi. Naona Serikali yaweza kununua mabanzi hayo na kuyapeleka vijijini mwezi wa Mei, kabla ya baridi, kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, pamoja na blanketi moja zito. Palipo mbali na misitu, kama Umalila, iongezwe fedha kidogo kwa miezi mitatu, Juni hadi Agosti. Na asiulizwe mtu paa lake.

Nimekwisha andika barua kwa serikali ya kijiji chetu kuomba lori moja la mabanzi kwa ajili ya wazee wote wa kijiji, si bibi yangu peke yake. Wakinijibu, nitaleta majibu yao katika toleo lijalo.