Mia Mbili Kila Mwaka: Ukumbi Wetu Usifungwe

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona mwanafunzi wa kidato cha tatu, tena wa shule ya kutwa, anaandika habari za pesa katika jarida la Chama cha Kiswahili badala ya kukupa shairi au vitendawili. Sina budi. Jambo lenyewe latugusa sisi wanachama kuliko mtu mwingine yeyote, na muda umetubana. Ukumbi wa sanaa wa mji wetu, ule wenye mabati mekundu nyuma ya soko, utafungwa mwisho wa Desemba na kugeuzwa ghala la mahindi iwapo kamati yake haitapata fedha za kuuendesha. Tangazo limebandikwa mlangoni, kila mtu anayekwenda sokoni amelisoma. Nami nasema wazi tangu mwanzo: sitaki tufanye harambee kubwa. Nataka kila nyumba inayoweza itoe shilingi 200 mara moja kwa mwaka, na mwaka unaofuata itoe tena, na unaofuata vivyo hivyo.

Wale waliosoma shule za bweni hawawezi kuelewa ukumbi huu una maana gani kwetu. Wao jioni wana bwalo, wana taa, wana mwalimu wa zamu. Sisi kengele ya saa kumi ikilia tunatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Shule yetu haina ukumbi. Tukifanya mazoezi ya drama darasani, darasa la jirani wanalalamika, na tukitoka uwanjani mvua ya hapa Gusii haimwombi mtu ruhusa. Nyumbani nako kuna nini? Nyumba nyingi ni za vyumba viwili. Hebu jaribu kukariri ngonjera huku wadogo zako wanalilia uji, redio ya jirani inapiga kelele na mama anauliza kama umechota maji. Mchezo wetu uliofika ngazi ya kaunti ulitengenezwa wote katika ukumbi ule, kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili, tena bila malipo.

Wala si sisi peke yetu. Jumamosi asubuhi kuna mzee mmoja anayefunza vijana kupiga obokano. Kwa wale wasioijua, obokano ni ala yetu ya nyuzi nane, kubwa kweli kweli, si kitu cha kubeba mgongoni ukarukia matatu. Mzee anaziacha mbili ukumbini, zimefunikwa kwa gunia, na vijana wanazikuta pale. Ukumbi ukifungwa zitakwenda wapi? Zitarudi nyumbani kwake, na nyumbani kwake ni mbali, na vijana hao hawatakwenda. Huo ndio utakuwa mwisho wa somo. Alasiri huja vijana wa sarakasi, na siku ya Jumatano akina mama wa kikundi cha ngoma, ambao kwa kusema ukweli ndio wanaofagia.

Isitoshe, siku hizi serikali yenyewe inasema kipaji ni masomo. Sisi wa kidato cha tatu ni mkia wa mfumo wa 8-4-4. Wadogo zetu walioingia gredi ya kumi Januari 2026 wamepewa njia tatu za kuchagua, na mojawapo ni sanaa na michezo. Vizuri sana. Lakini anayechagua sanaa katika mji kama wetu atajifunzia wapi? Chini ya mwembe?

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa maana watu wengi wanadhani kuendesha ukumbi kunahitaji mamilioni. Kwa mujibu wa tangazo la kamati, mlinzi, stima, maji na marekebisho madogo madogo hufikia kama sh. 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni sh. 120,000. Gawanya kwa 200, unapata nyumba 600. Soko letu peke yake, ukihesabu wenye vibanda, wenye maduka, mafundi cherehani, wenye bodaboda na walimu wa shule zilizo karibu, unafika huko kabla hujavuka daraja. Shilingi 200 hazifiki hata 20 kwa mwezi. Ni bei ya maandazi mawili.

Na wakati wa kutoa nao uchaguliwe kwa akili. Januari isitajwe kabisa! Januari ni karo, sare na madeni ya Krismasi. Ukimwomba mzazi mchango Januari anakutazama kama mwizi. Sisi hapa ni watu wa majani chai. Bonasi hutoka Oktoba, na mwezi huo hata mtu bahili hununua soda. Mchango wa ukumbi uwe Oktoba. Mwenye duka asiye na chai achague mwezi wake mwenyewe, mradi auandike na asiuhamehame.

Kwa nini basi nakataa harambee? Ukumbi huu wenyewe ulijengwa kwa harambee zamani, na kibao cha mgeni wa heshima bado kiko ukutani, kimepakwa rangi vizuri kuliko mlango. Harambee ni hodari kwa kujenga. Watu wanakuja, kuna mahema, kuna spika, mkubwa anatoa bahasha, wengine wanashindana naye, na jioni hesabu inasomwa watu wakipiga makofi. Lakini umewahi kuona mgeni wa heshima anaitwa kulipa bili ya stima? Paa limejengwa siku moja, na mvua inanyesha miaka arobaini. Tena harambee zetu ziligeuka uwanja wa siasa, hata Julai 2024 Rais akatangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki. Atakayekaa kumngoja mheshimiwa aje kuokoa ukumbi atangoja sana.

Wengine wanasema tutafute wafadhili wa nje. Tulikuwa nao. Shirika moja lilitusaidia kwa miaka mitatu, likaleta ngoma na viti vya plastiki, ukuta ukachorwa nembo yake. Mkataba ulipokwisha likaenda zake. Silikashifu, kwani lilisema mapema kwamba ni miaka mitatu. Kosa ni la mji mzima uliokaa miaka mitatu bila kuchanga hata senti, ati kuna mzungu. Na mambo haya hayatupati sisi wadogo peke yetu. Kule Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofungua milango yake mwaka 2002 Mji Mkongwe. Wanafunzi wake wanajifunza udi, ganuni na taarab, na sifa zake zimeenea duniani. Hata hivyo, kuelekea mwaka 2020 chuo hicho kilitangaza kuwa kiko hatarini kufungwa, kwa sababu pesa za wafadhili zilikuwa zimekauka. Ikiwa chuo chenye jina kama hilo kinaweza kutikisika, sembuse ukumbi wa mabati nyuma ya soko?

Sasa linganisha. Zanzibar hiyo hiyo kuna Ikhwani Safaa, kilabu cha taarab kilichoanzishwa mwaka 1905. Kimepita enzi za masultani, kimepita mapinduzi ya 1964, na kimevuka miaka mia moja. Ni kilabu cha wanachama. Wenyewe ndio waimbaji, wenyewe ndio wenye nyumba. Mimi naona siri iko hapo. Mwanachama hangoji kuombwa kama mgeni, anajua kile ni chake.

Hapa Kenya mfano unaonigusa zaidi ni wa Kamiriithu kule Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji kile walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketisha watu kama 2,000. Hawakumngoja mtu. Mchezo wa Ngaahika Ndeenda, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, ulianza kuonyeshwa hapo Oktoba mwaka huo, na waigizaji walikuwa wanakijiji wenyewe. Novemba leseni ikafutwa, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kutiwa kizuizini. Machi 1982 polisi walitumwa wakaubomoa ukumbi ule. Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Ukumbi wa maskini wa Kamiriithu ulihitaji polisi ili kuangushwa. Wetu unaangushwa na bili ya stima, na sisi tunapita hapo kila siku na vikapu vya mboga.

Na msidhani wanaoshikilia kazi hizi huwa na bahati. Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1965 na mchoraji Elimo Njau pamoja na wenzake, kiliteketea kwa moto mwaka 1997, kazi nyingi zikaungua. Wenyewe wakaanza upya. (Wapenzi wa Kiswahili, lifurahieni jina hilo: paa ni swala, na kupaa ni kwenda juu. Hapa kwetu paa tunalolililia ni la mabati.)

Ninajua majibu yanayonisubiri. Niliyapata yote katika wiki moja nilipozunguka sokoni na wenzangu wawili. La kwanza ni kwamba ngoma haileti unga. Mzee mmoja mwenye duka la misumari na saruji aliniambia, "Binti yangu, soma vitabu. Ngoma italeta unga?" Nikamjibu kwa adabu, "Samahani mzee, harusi ya kijana wako mwaka jana ilipigwa obokano na nani?" Akacheka sana, akasema hiyo ni habari nyingine. Mimi sioni uwingine wake. Aliyepiga siku ile alilipwa, na alijifunzia katika ukumbi huu huu. Vijana wa sarakasi nao huitwa kwenye hoteli na sherehe za shule wakalipwa. Unga wanaoununua haujaandikwa kwamba ni wa ngoma, basi hakuna anayeuona.

La pili ni kwamba serikali ya kaunti ndiyo ilipe. Ni kweli kwamba Katiba ya 2010 imezipa kaunti shughuli za utamaduni na burudani, na ni haki yetu kuwadai. Wadaiwe! Lakini kaunti ina uchaguzi kila miaka mitano, na kila anayeingia ana watu wake na mipango yake. Tena mwenye kulipa ndiye anayechagua wimbo. Ikiwa stima ya jukwaa inalipwa na afisi, siku tutakapoigiza mchezo kuhusu barabara mbovu tutaambiwa taa zimeharibika. Ikiwa inalipwa na nyumba 600, nani atazima?

La tatu ndilo zito, nami silipuuzi: pesa zitaliwa. Wazazi wetu wameona mengi, vyama vilivyokufa na waweka hazina waliohamia mjini. Lakini hapa ndipo mchango mdogo wa kila mwaka unapoushinda mchango mkubwa wa siku moja. Aliyetoa elfu hamsini mara moja amekwisha kutoa, hana la kushika tena. Aliyetoa mia mbili ameshika mia mbili za mwaka ujao mkononi. Kamati ikishindwa kuonyesha risiti, Oktoba itafika na mikono itakaa mifukoni. Kwa hivyo nadai mambo mawili kwa kamati, na nayadai hapa kwa maandishi: kila mchango upite kwa M-Pesa ya ukumbi, si ya mtu binafsi, na kila Septemba hesabu yote ibandikwe mlangoni pale pale palipobandikwa tangazo la kufunga, senti kwa senti, hata ufagio ulionunuliwa.

Kuna wasioweza, na hao wasisumbuliwe. Mama yangu anauza mboga, najua kuna siku mia mbili ni chakula cha watu sita. Mwenye kukosa pesa anaweza kufagia, kupiga msumari, au kuleta mti mmoja wa kutengeneza benchi. Aandikwe katika daftari lile lile, tena mstari mmoja na mwenye duka. Nisichokubali ni yule anayeweza, ambaye watoto wake wamepita mikononi mwa ukumbi ule, naye husema "tutaona" kila anapoulizwa. Na nyinyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi Nairobi, Kisumu na ng'ambo, ambao kila mwaka mnaomba mtumiwe jarida hili, nanyi nawatazama kwa jicho hilo hilo. Mlisimama kwenye jukwaa lile mkiwa na magoti yanayotetemeka. Picha zenu bado ziko ukutani, mkiwa wembamba.

Mwalimu mlezi wa chama amekubali kutunza daftari la ahadi hadi kamati ifungue lake. Liko katika chumba cha walimu, na linafunguliwa kila Ijumaa saa saba mchana, wakati wa chakula. Unaandika jina, kiasi na mwezi utakaotoa kila mwaka. Sisi wanachama 42 tumekubaliana kutoa sh. 50 kila mmoja, hivyo mstari wa kwanza umekwisha andikwa: Chama cha Kiswahili, sh. 2,100, Oktoba. Anayetaka wa pili aje kabla bonasi haijaisha.