Watoto Hawachezi, Wanajifunza

Nataka kujibu maneno niliyoambiwa mbele ya wazazi wengi hapa Mafinga. Najua kwamba husemwa katika vijiji vingine pia, na wengi huyasema kwa nia njema.

Katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja, mtu wa heshima, alilifungua daftari la sayansi la mjukuu wake. Akakuta picha ya tunda la msindano, lile gumu lenye magamba, na chini yake mistari mitatu tu. Akasema, "Mwalimu, mtoto nimemleta asome, si aokote takataka za msituni. Mbona daftari za wenzako zimejaa?" Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Nilinyamaza, maana si adabu kubishana na mzee mbele ya kadamnasi. Basi leo najibu.

Wazee wangu, sikieni kwanza tulilolifanya siku ile. Misindano imetuzunguka tangu Sao Hill hata huku, wala hakuna mtoto wa Mufindi asiyelijua tunda lake, maana twaliwashia moto. Niliwaambia walete matunda yaliyofunuka. Moja tukalitia katika kopo la maji, jingine tukaliweka juani. Hata saa ya kwenda nyumbani, lile la majini lilikuwa limefumba magamba yake, na lile kavu liko wazi vile vile. Tukalianika lililofumba, nalo lilipokauka likafunuka tena. Watoto wakachora, kisha wakatunga igizo: wengine magamba, wengine mbegu, mmoja mvua, mmoja upepo. Ndipo wakafahamu kwamba upande wa nje wa gamba hunywa maji na kuvimba kuliko upande wa ndani, gamba likajikunja na kufumba. Na wakati wa ukavu hufunuka ili mbegu zenye bawa zichukuliwe na upepo.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, tunda hili limekwisha kuanguka na kukauka; limekufa. Mbona lasogea?" Tukamjibu kwa mlango wa darasa letu wenyewe, ambao wakati wa mvua huvimba ukakataa kufungwa, na mbao zake zilikufa siku nyingi. Nawauliza ninyi mnaopima elimu kwa wino: katika zile daftari zilizojaa, swali la msichana huyu liko ukurasa gani?

Mtasema mtihani hauulizi igizo. Ni kweli, na mtihani wa kumaliza shule ya msingi si jambo dogo. Sitamdanganya mzazi kwa kumwambia haufai kitu. Tena kazi ya namna hii hula vipindi viwili mahali ambapo kunakili ubaoni kungekula kimoja. Lakini nimesahihisha karatasi za watoto walionakili. Swali likigeuzwa maneno kidogo tu, mtoto hupotea kama mgeni njia panda, kwa kuwa alichokishika ni sentensi, wala si jambo lenyewe.

Tena mnasahau habari ya mkoa wetu wenyewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda mbele ya yale ya baridi. Akamwuliza mwalimu wake, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Lakini rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alikuwa akifanya vivyo hivyo kila siku ili biashara iende upesi! Mpemba alipokuja Mkwawa, hapa Iringa, aliikuta maabara i wazi, akajaribu tena kwa maji. Kisha akamwuliza Daktari Denis Osborne, aliyekuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alikwenda akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wawili hao wakaliandika pamoja katika jarida la Uingereza. Mpaka leo wataalamu hubishana. Mwaka 2016 wengine walitangaza kwamba wamepima na hawakuliona. Mimi simtaji Mpemba ili niseme ushindi ni wake. Namtaja kwa sababu swali lililozungushwa duniani kote lilitoka kwa kijana aliyeshika kazi kwa mikono yake, si kwa kijana aliyenakili.

Na ninyi walimu wenzangu mnaoshangilia, ngojeni kwanza. Zipo siku hizi katuni za Ubongo Kids, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2014, zinazofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili na kwa nyimbo. Ni njema, nami huzitumia nipatapo umeme. Lakini yuko mwalimu awashaye picha kisha akaenda kukaa nje na simu yake, akirudi kengele imelia. Huyo naye amenakilisha, ila kwa rangi. Picha itufae kwa yale tusiyoweza kuyafikia, kama moyo unavyosukuma damu, au sayari. Mtoto wa Mafinga aonyeshwe sakitu katika kioo kwa nini, naye huikanyaga majanini mwezi wa sita?

Sakitu ya mwaka huu itakapoanza, tutaweka nje usiku makopo mawili, moja la maji moto na moja la baridi, maji yakiwa kiasi kimoja. Pengine hayataganda yote mawili. Hilo nalo tutaliandika. Kwa hiyo nahitaji makopo yaliyo sawa kwa ukubwa, na mwenye nayo ampe mtoto ayalete. Mzee wangu, nawe nakualika. Ila uje na koti, maana tutayatazama alfajiri.